Mlinda Mlango na Aiskrimu ya Kitunguu Saumu

Mjomba wangu amefanya kazi kwenye ukumbi wa sinema tangu sijazaliwa, na filamu hatazami. Nikimwambia mtu hivyo anadhani namfanyia mzaha. Kazi yake ni kuchana tiketi mlangoni, kisha taa zikizimwa anaingia ndani na kusimama mbele kabisa, pembeni, mgongo kwa picha na uso kwa watu. Bosi wake wa kwanza ndiye aliyemfundisha. Alimwambia kwamba mlinda mlango anayetazama filamu ni mteja asiyelipa, na kwamba mambo yote ya kuangaliwa yako vitini: wanaohama kimyakimya kutoka viti vya bei rahisi kwenda vya bei ghali, wanaovuta sigara chini ya koti, na wapenzi waliosahau kwamba hawako kwao. Bosi yule alishafariki, Mungu amrehemu, lakini mjomba bado anamtii.

Kwa hiyo filamu anazijua kwa nyuso. Anarudi nyumbani na kutuambia kwamba ya leo ni nzuri, kuna baba mmoja mnene alilia akasingizia mafua. Au ya leo haina kitu, watu walikuwa wanatafuta viatu vyao kabla haijaisha. Ukimwuliza inahusu nini, anakutazama kama umemwuliza bei ya mbingu.

Tabia hiyo angeiacha kazini ingekuwa nafuu, lakini amekuja nayo nyumbani. Tukiwasha televisheni, yeye huburuta kigoda chake hadi kando ya televisheni na kutukodolea macho sisi. Nilipohamia kwao, baada ya kupata kazi ya ususi kwenye saluni ya mtaa wa pili, wiki ya kwanza chakula kilikuwa hakishuki. Kila nikipeleka tonge mdomoni, namwona mjomba amenikazia macho kana kwamba nitageuka kitu. Sahani yake haigusi mpaka sisi wengine tumeridhika. Mimi si mtu wa kuvumilia, nikampa makavu kwamba ananitia kwikwi. Akasema, “Pole, mpwa wangu,” akaendelea kunitazama.

Basi mjomba amekula chakula kilichopoa maisha yake yote. Lingekuwa jambo la kuchekesha tu, kama asingekuwa amemwoa mwanamke anayetengeneza aiskrimu.

Mkazamjomba, yaani huyo mkewe, ni mpishi wa vitu vitamu kwenye mgahawa mkubwa ulio karibu na kituo cha mabasi. Keki, biskuti, matunda ya kuchemshwa kwenye sukari, na zaidi ya vyote aiskrimu. Ana kona yake jikoni, na meza ya mawe inayokaa baridi hata jua likiwaka, na mashine ndogo ya kukorogea anayoisemesha inapogoma. Kila akibuni kitu kipya hukileta nyumbani kwanza, ndani ya kopo lililofungiwa kwenye sanduku la barafu. Anawaita majirani, hasa fundi cherehani na mkewe, anagawa vibakuli. Mjomba anachukua cha kwake, anakiweka mapajani, halafu anaanza kazi yake ya kusoma nyuso. Zamu yake inapofika, aiskrimu imeshakuwa maji. Anainywa kama uji, anafuta mdomo, anatoa taarifa.

“Fundi alitabasamu kwenye kijiko cha pili,” atasema. “Mkewe alifumba macho. Hii ipeleke.”

“Na wewe je?” Mkazamjomba huuliza.

“Mimi? Si nimekwambia watu wamefurahi.”

Na kweli hajawahi kukosea. Kila alichosema kipelekwe kilikwenda na kikapendwa. Mkazamjomba alikuwa akijibu “haya” na kukusanya vibakuli. Nilidhani ameshazoea.

Sasa, mgahawa ukapata mwenyewe mpya. Huyu ni mtu mstaarabu, sauti yake ya upole, mkatili kama wembe. Aliona hakuna haja ya kumweka mtu mzima mzima kwenye kona nzima kwa ajili ya vitu vitamu wakati kiwanda cha keki kinaweza kuvileta vimeshafungwa kwenye karatasi. Akamwita Mkazamjomba, akamkalisha, akamwagizia chai, akamwambia kwamba anampa nafasi. Jumamosi mchana alete kitu ambacho mteja akienda nyumbani atakisimulia. Akiweza, kona ni yake. Asipoweza, kuanzia Jumatatu anahamia upande wa mboga, kumenya viazi.

Mkazamjomba alirudi siku hiyo akaketi na mkoba begani, hata viatu hakuvua. Aliniambia waziwazi kwamba anaogopa. Si viazi vyenyewe, alisema, viazi havina kosa. Ila ile kona ndiyo mahali pekee duniani ambapo mtu akimkuta amesimama kimya hamwulizi kama anaumwa.

Lakini alikuwa na siri. Muda fulani nyuma, jikoni kwao, mtu aliweka sahani ya vitunguu saumu vya kuchoma, vya kutilia mchuzi wa nyama, ndani ya friji, karibu na sufuria ya maziwa yake iliyokuwa haina kifuniko. Asubuhi maziwa yalikuwa yamebeba harufu yote. Mwingine angeyamwaga na kutukana. Yeye aliyaonja, akaonja tena, akafunga mlango wa friji na hakumwambia mtu. Tangu hapo akawa anajaribu peke yake. Kitunguu saumu kizima na maganda yake, moto mdogo, muda mrefu, mpaka kilainike kama jamu na ukali wote uishe. Kinapondwa kwenye maziwa ya moto, kinachujwa, kinatiwa sukari iliyounguzwa karibu na kuwa chungu, na chumvi. Kikishaganda, juu kinamwagiwa asali na pilipili manga iliyosagwa kwa kukwaruza tu.

Alhamisi jioni akatuita. Alikuja fundi cherehani wa jirani na mkewe, nikawepo mimi, na mjomba juu ya kigoda chake, kibakuli mapajani. Kwenye friza kulikuwa pia na kopo la vanila, la akiba, mambo yakiharibika.

Mimi nilianza kwa pupa. Kijiko cha kwanza kilikuwa maziwa na sukari ya kuungua, nikasema moyoni, kumekucha. Nilikuwa nimeshameza ndipo kikaja kitu kutoka nyuma ya ulimi. Nilikijua vizuri sana, ila sikukitegemea pale. Ilikuwa kama kumkuta mwalimu wako wa hesabu amekaa kitandani kwako, amekunja mikono, anatabasamu. Nikachukua kijiko cha pili ili nihakikishe kwamba si kweli. Ilikuwa kweli.

Fundi aliacha kijiko mdomoni. Mkewe alinusa kibakuli, akamtazama Mkazamjomba, akanusa tena. Vijiko vilikuwa vinagonga bakuli polepole, na nilimwona fundi akitazama nyuma yake kidogo, kuelekea mlangoni, sijui alitegemea nani. Walipomaliza walishukuru kwa adabu zote, wakaaga mapema.

Mjomba akatoa taarifa, na safari hii hakuwa na raha nayo. Alisema watu wameogopa. Zile zilikuwa nyuso za filamu ya kutisha, tena si ya damu na makelele, ambayo watu hupiga kelele wakamaliza wakacheka. Ile ya kimyakimya, ambayo mtu anasahau bisi mkononi.

“Kitu kitamu ni cha kufurahisha watu, mke wangu,” alisema. “Peleka vanila.”

Mimi nikaingilia, maana mdomo wangu hauna mlango. Nikasema vibakuli vyote vimerudi vitupu. Mjomba akanijibu kwamba jirani mwenye adabu humaliza hata dawa. Hapo alikuwa na haki.

“Na wewe?” Mkazamjomba aliuliza.

“Nakwambia watu...”

“Sikuulizi watu.”

Mjomba alikitazama kibakuli chake. Kilikuwa kimeshayeyuka, kama kawaida, pilipili manga inaelea juu. Akajaribu kusema tena habari za mke wa fundi na pua yake. Mkazamjomba akasimama. Hakupaza sauti, na mimi nikatamani bora angepaza.

“Nimekupikia tangu ujana wetu. Najua fundi anapenda nini. Najua mpwa wako anapenda nini, hata paka wa jirani najua. Mume wangu ulimi wake siujui. Siku nikifa utafanyaje? Utawatazama waliokuja msibani ndiyo ujue kama una huzuni?”

Akakichukua kile kibakuli mapajani mwake kabla hajakionja, akakimwaga kwenye sinki, akafungulia maji.

Ijumaa nyumba ilinuna. Mkazamjomba, ambaye hiyo ndiyo siku yake ya mapumziko, alizungumza na mumewe kwa kupitia kwangu. Mwambie mjomba wako chai iko mezani. Mwambie mjomba wako shati lake limekauka. Mjomba alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapo, anasikia kila kitu, na mimi napeleka ujumbe kama karani wa mahakama. Nikaona nikimbilie saluni mapema, nikamsuka dada wa watu kwa hasira mpaka akalalamika.

Niliporudi kula mchana, nilimkuta Mkazamjomba jikoni amesimama kwenye jiko, anachemsha maziwa ya vanila nyingine ya kupeleka kesho. Uso wake ulikuwa ule wa mtu aliyekwisha kujiona anamenya viazi. Mjomba akaingia. Akafungua friza, akatoa kopo la kitunguu saumu, akachota kijiko kikubwa kwenye kibakuli, akaketi mezani. Hapakuwa na mtu mwingine anayekula. Sikuwahi kuona jambo kama lile ndani ya nyumba ile.

Akatia kijiko mdomoni, na papo hapo akashika shavu.

“Ni baridi hivi?” aliuliza.

“Ni aiskrimu, mjomba,” nilimwambia.

Alingoja jino litulie, akaendelea. Nikajikuta mimi ndiye ninayemtazama yeye, na sikuwa na uzoefu, sikuweza kusoma kitu. Nyusi zilipanda, zikashuka. Alimeza. Akachota tena, kidogo zaidi, halafu tena, kikubwa. Mkazamjomba hakugeuka, ila mwiko wake ulikuwa umesimama ndani ya sufuria na maziwa yalikuwa yanapanda. Mimi ndiye niliyezima jiko.

“Kuna picha moja niliitazama,” mjomba alisema.

Tulidhani tumesikia vibaya. Akaeleza kwamba ilikuwa zamani, kabla hata sijafika kwao. Siku hiyo ukumbi ulikuwa umejaa na nyuso zilikuwa zile za kimyakimya, lakini zaidi ya alizowahi kuona, na hakuweza kujua ni furaha au ni mateso. Hakuna aliyetoka. Basi akaigeukia picha. Anajua ni makosa, na aliporudi nyumbani alishindwa kumwambia mkewe kwa aibu.

Alikuta familia inakula. Meza nzuri, taa nzuri, watoto wanacheka, mama anagawa mkate. Kisha picha inakwenda uani, inarudi mezani, na kuna kiti kimoja zaidi. Hakuna anayekishangaa. Inakwenda barabarani, inarudi, kiti kingine. Wanazidi kusogeleana ili kupisha, wanazidi kucheka, na wewe unayetazama unataka kuwapigia kelele, na wakati huohuo unataka kuona nani atakuja kuketi. Mjomba alisema alisimama pale, akakumbuka kwamba kule nyumbani mkewe yuko peke yake mezani, na yeye hajui hata kama mkewe hula kwanza wali au mboga.

“Hii ni ile picha,” alisema, akionyesha kibakuli kwa kijiko. “Mwanzoni uko kwenu. Maziwa, sukari, unamjua kila mtu. Halafu anaingia huyu, anavuta kiti. Unamwambia toka. Kijiko cha pili amekaa karibu zaidi. Mwisho wewe ndiye unayesogea ili akae vizuri.” Akakwangua kilichobaki. “Niliogopa, mke wangu. Bado naogopa. Niongeze.”

Mkazamjomba aligeuka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hakujisumbua kusingizia mafua wala moshi. Akamwongeza. Akamwuliza, wewe unadhani mimi huanza na nini, mboga au wali? Mjomba akakiri hajui. Mkewe akamwambia ni mboga, na wakacheka wote wawili, na mimi nikaona kazi yangu ya ukarani imekwisha, nikarudi saluni bila kula.

Jumamosi tulikwenda wote watatu. Nilimwomba ruhusa mama mwenye saluni kwa uongo ambao sitausema hapa. Yule mwenye mgahawa alitukalisha kwenye meza ya karibu na jiko, akaagiza kila mteja aliyemaliza chakula apelekewe kibakuli kidogo bila kuambiwa kina nini. Na kwa kuwa mjini wote wanajua habari za mjomba na nyuso, alimwambia amsaidie kuangalia watu.

Wateja wa mgahawa si majirani wenye adabu. Mwanamume mmoja mwenye tai alimwita mhudumu akauliza kama kijiko kilioshwa. Vijana wawili waligombana, mmoja anasema ni kitunguu saumu, mwingine anasema haiwezekani, wakaagiza kingine ili kumaliza ubishi. Mama mmoja alikisukuma mbali, akazungumza kidogo na mwenzake, akakivuta tena karibu bila kukitazama. Wengine waliacha nusu. Mimi nilikuwa nahesabu kwa moyo, na moyo wangu haukuwa unapata jibu. Kwenye dirisha la jikoni niliona kilemba cha Mkazamjomba, kikitokeza na kupotea.

Mwenye mgahawa naye alikuwa amekula vijiko viwili akaweka kibakuli chini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusema hapana kwa ustaarabu. Alisema watu huja kwake kutulizwa, hawaji kutishwa. Akamgeukia mjomba.

“Mzee wa nyuso,” alisema, “wanasemaje?”

Jikoni vyombo viliacha kugongana. Nilimjua mjomba wangu. Ningeweza kuapa kwamba atasema yule mwenye tai alikunja uso, yule mama alisita, kwa hiyo hivi na hivi, na kona ya mkewe itaondoka hivyohivyo, abaki na viazi.

“Watu sijawatazama,” mjomba alisema. “Nilikuwa nakula.”

Kibakuli chake kilikuwa kitupu, na kile changu, ambacho nilikisahau kwa wasiwasi, alikuwa anakimalizia.

“Sasa wewe unaonaje?”

“Mimi naona inatisha. Na nimekula tatu. Nikitoka hapa nitakwenda kumwambia kila ninayemchania tiketi.”

Mwenye mgahawa alimtazama, akanitazama mimi, ambaye sikuwa na msaada wowote. Akavuta kibakuli chake tena. Kilikuwa kimeanza kuyeyuka pembeni. Alikula kijiko cha tatu polepole, cha nne, na kwenye cha tano akatazama nyuma yake kidogo, kuelekea mlangoni. Akasema Jumamosi peke yake, vibakuli vidogo, na mhudumu awaonye watu kabla. Siku nyingine aiskrimu za kawaida, za Mkazamjomba, si za kiwandani. Akaondoka na kibakuli chake mkononi.

Nilikimbia jikoni kumpa habari. Alikuwa amesimama kwenye kona yake, mikono yote miwili juu ya ile meza ya mawe, na nilipomwambia kona imebaki alisema amesikia, ila nimwambie lile jingine. Sikuelewa. Nimwambie alichosema mjomba, kuanzia mwanzo, neno kwa neno. Nikamwambia. Akataka nirudie.

Sasa hivi nyumba ile haikaliki. Mjomba amejua kwamba ana ulimi, na mwenye kuonja asali huchonga mzinga. Chai ya leo imezidi tangawizi. Maharage haya ya jana yalikuwa bora. Huu wali, mke wangu, mchele huu umeununua wapi? Anakula wa kwanza, chakula kikiwa cha moto, anaunguza ulimi na kulalamikia hilo pia. Kazini bado anasimama mgongo kwa picha, maana bosi wake alimfundisha hivyo, lakini mezani hamtazami mtu tena isipokuwa mmoja, anapomweleza kilichokosekana. Mkazamjomba anamshtaki kwa mke wa fundi kila siku, kwamba amechoka, kwamba mwanamume gani huyu asiyeridhika na kitu. Jana nilimsikia tena uani akilalamika hivyo, amesimama na mkono kiunoni. Mke wa fundi akamshauri amwambie basi mumewe anyamaze.

“Thubutu,” alisema Mkazamjomba, na akaingia ndani kurekebisha chumvi.